Kiko cha tembo kutoka Arusha: ukiwa Uganda anza na hiki

Nianze na jibu kabisa maana wengine mnasoma mkiwa ndani ya teksi: kama uko Kampala, Jinja, Mbale, Arua ama popote hapa Uganda na moyo umeanza kupenda viko vizuri, usikimbilie kwanza kile cha Dunhill wa London chenye doa jeupe juu ya mdomo wake wa kuvutia, tafuta Kiko cha Arusha. Kiko ndio jina la chapa yenyewe, kilikuwa kinatengenezwa na Kilimanjaro Pipe Company pale Arusha, nembo yake tembo, na bakuli lake limechongwa kwa jiwe la hapa hapa Afrika Mashariki. Changu nimekivuta masika na kiangazi, nimekisafisha, nimekipeleka kwa fundi, nimekiweka mezani pamoja na vya Ireland na Italia nilivyonavyo, na jioni bado ndicho mkono wangu unachokiendea kwanza.

Nilikipata kwa mzee mmoja pale Old Kampala anauza vitu vya zamani, saa za mezani, redio za valvu, visu, zile senti za East Africa zenye tundu katikati. Akanitajia laki nne, nikamwambia Hajji punguza bana mimi ni mteja wa kurudi, akanijibu "mwanangu, hiki si cha mti, kishike kwanza uone," nikakishika, tukaongea ongea, tukamalizana laki mbili na nusu. Kwa hela hiyo kiko kipya cha Ulaya chenye jina hukigusi, na ukiagiza nje kuna usafiri na ushuru juu yake.

Chenyewe kinapinda kidogo, bakuli limevalishwa ngozi ya kahawia iliyoshonwa ubavuni, jiwe unaliona kwenye ukingo wa juu tu na ukichungulia ndani. Mdomo ni ebonaiti nyeusi, yaani mpira mgumu. Muhuri una tembo na neno Tanganyika, sio Tanzania, na hapo mkusanyaji anatega sikio: Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964, jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo kiko chenye Tanganyika kina uwezekano mkubwa kimetoka kabla ya hapo au karibu na hapo. Sisemi ni cheti cha kuzaliwa, kiwanda hakitupi mihuri yake siku bendera inapobadilika, ila ni mwanzo mzuri wa kukadiria umri. Vyenye Tanzania ni vya baadae. Vyote viwili ni vizuri kuvuta, cha Tanganyika kina utamu wa ziada kwa mtu anayependa historia kama mimi.

Sasa jiwe, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Linaitwa mershaumu, wataalamu wa madini wanasema sepiolaiti, ni laini, lina vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo vitundu ndio vinanyonya maji na lami ya tumbaku wakati unavuta. Watu wengi wanajua ya Uturuki tu na kweli Eskişehir ndio mji mkuu wa hii kazi duniani, kule wanalitoa ardhini kwa madonge, likiwa bado na maji linakatika kwa kisu, mafundi wanachonga vichwa vya masultani wenye vilemba na makucha ya tai yameshika yai. Lakini miaka ya 1950 likaanza kuchimbwa pia kwenye bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, kule Sinya. Nyie mnaopanda basi kwenda Arusha kupitia Nairobi, mkishavuka Namanga hilo bonde liko mkono wenu wa kushoto, na wengi mnalipita mmelala. Jiwe la huko ndio likaenda Arusha likawa Kiko, na jingine likapanda meli likafika mpaka Laxey kwenye Kisiwa cha Man likachongwa viko huko, yaani kuna mzee wa Kiingereza amevuta jiwe la Wamaasai miaka na pengine hajui.

La Amboseli na la Uturuki si sawa, usije ukauziwa moja kwa jina la lingine. La Uturuki ni jepesi sana na jeupe safi. Letu ni zito zaidi, gumu zaidi, na rangi yake haijatulia, lina ukijivu na ukahawia ndani. Wakusanyaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaliweka daraja la pili kwa sababu halichongeki nakshi zile ndogo ndogo na halibadiliki rangi kwa uzuri uleule. Kwa kabati la vioo nawakubalia. Kwa kuvuta siwakubalii hata kidogo, maana kwenye kuvuta tunataka jiwe linyonye unyevu, lisiungue, lisitie ladha yake kwenye tumbaku, na hayo yote letu linafanya, alafu ule ugumu wanaoulalamikia ndio unaokusaidia wewe unayeishi kwenye nyumba ya sakafu ya simenti. Mershaumu ya Uturuki ikidondoka hapo mara nyingi ndio mwisho wake. Letu pia usilidondoshe, lakini lina huruma zaidi, na likiwa na ngozi yake juu lina huruma mara mbili.

Kuvuta sasa. Kiko cha mti, hiki cha braya, kikiwa kipya lazima ukizoeshe. Braya ni lile fundo linaloota kati ya mizizi na shina la mti mdogo wa pwani ya Mediterania, Erica arborea, linachemshwa masaa mengi kutoa utomvu kisha linakaushwa miezi na miezi, na Wafaransa wa Saint-Claude kule milima ya Jura ndio walioanza kulifanyia viko kwenye miaka ya 1850. Ni mti mzuri mno lakini ni mti, mara za kwanza unajaza kidogo, unavuta polepole, unasubiri kaa jembamba, yaani gamba la masizi, lijijenge ndani ya bakuli kuulinda, na baada ya kuvuta unaupumzisha mpaka kesho yake ukauke. Kwa hiyo mtu wa braya anahitaji viko kadhaa ili azungushe. Mershaumu haitaki hayo. Siku ya kwanza unajaza mpaka juu unavuta na ladha ni safi, asubuhi umevuta, jioni unavuta tena kilekile na hakinuki cha asubuhi. Kwa mtu ambaye hela yake inatosha kiko kimoja tu hii peke yake ingetosha kuamua.

Na baridi. Moshi unakuja umepoa, mkavu, ile sauti ya maji kugugumia kwenye shina ambayo inaudhi watu wengi mpaka wanaacha hii kitu kabisa, humu nimeisikia mara chache sana na ni pale ninapovuta kwa haraka. Ngozi ya nje nayo inafanya kazi yake, unaweza kukumbatia bakuli kwa kiganja kizima mpaka mwisho bila kuhamisha vidole. Tumbaku inaungua mpaka chini inabaki majivu ya kijivu makavu, sio yale matope meusi.

Kwa haki nitaje viko vya Peterson maana ndio kipimo changu cha moshi mkavu. Wale wa Dublin mwaka 1890 walipata hataza ya mfumo wao wanaouita System, kuna kishimo chini ya shina kinakusanya maji kabla hayajafika mdomoni, baadae wakaongeza ule mdomo wenye tundu linalotazama juu ili moshi usipige ulimi moja kwa moja. Ni ubunifu wa kweli, na cha kwangu cha System nakipenda, kina pete ya nikeli imara na mdomo unachomoka hata kikiwa moto bila hatari. Lakini angalia, wale walichonga kishimo ili kukusanya maji, Kiko kinafanya karibu kazi hiyohiyo kwa jiwe tu, jiwe lenyewe linakunywa. Savinelli ya Milano nayo inatumia kijiti cha balsa, mti mwepesi sana, ndani ya mdomo kunyonya, kizuri, ila vijiti vyenyewe ukivimaliza hapa Kampala utavipata wapi, utaagiza tena. Kiko hakikudai chochote cha kuagiza isipokuwa vile vijiti vya waya wenye manyoya vya kusafishia, na hata hivyo nimeona watu wananunua vile vya rangi rangi vya watoto wa shule kufanyia sanaa, vinafaa mradi ni vya pamba, vile vya plastiki havinyonyi.

Kitu kimoja nakikosa kwenye hiki cha ngozi. Raha kubwa ya mershaumu ni kuiona inabadilika, nta na lami na joto vinatembea ndani ya jiwe, linaanza kuwa na umanjano kwenye shina, alafu asali, alafu kahawia, na kila mtu kiko chake kinakuwa na rangi yake kutokana na alivyokivuta. Ukifunika jiwe kwa ngozi hiyo safari inaendelea ndani huioni, unaona ukingo tu. Kwa hiyo nashauri, ukipata nafasi ya kuchagua, cha kubeba barabarani kiwe cha ngozi, cha nyumbani kiwe kitupu.

Matunzo, na hapa naomba msikilize maana nimeona viko vizuri vimeuawa na watu wanaovipenda. Mambo ya braya usiyalete kwenye mershaumu. Kwenye braya kaa la ndani ni rafiki, unene wa sarafu hivi unatosha, kwenye mershaumu kaa ni adui, kwa sababu likiwa nene linapanuka kwa joto tofauti na jiwe na bakuli linaweza kupasuka. Kikishapoa kunja tishu, ingiza, zungusha, toa, basi. Usikwangue kwa kisu. Usimimine pombe ndani ya bakuli, ile dawa ya chumvi na pombe ya kuondoa harufu ni ya mti, sio ya jiwe. Mdomo peke yake, ukishachomolewa, huo waweza kuusafisha kwa kijiti kilicholowa waragi, tena waragi inafanya kazi safi kabisa, ukimaliza pitisha kijiti kikavu. Na usiuchomoe mdomo kiko kikiwa moto, subiri, mershaumu ya moto ni laini kuliko ya baridi na hapo shingo ndipo vinapovunjikia.

Changu kilipokuja mdomo ulikuwa umegeuka rangi ya udongo wa kijani, ladha chungu. Hiyo sio kosa la mtengenezaji, ebonaiti ni mpira uliopikwa na salfa, ikikaa juani dirishani miaka inafanya hivyo yenyewe hata iwe ya London. Dawa yake ni msasa wa maji, ule mafundi wa rangi za magari wanaotumia, Kisekka upo kila duka, anza namba 400, panda 600, 1000, maliza 2000, muda wote na maji na mkono mwepesi, usikaribie maandishi, mwisho paka mafuta kidogo ya zeituni ufute. Ukiwa na subira ni kazi ya jioni moja na ule weusi unarudi unang'aa mpaka unajiona.

Kiungio kati ya mdomo na shina kilikuwa kimelegea kwa uzee, kinacheza. Nikakipeleka Katwe kwa kijana mmoja fundi wa kukereza, kazi yake ni bushi za pikipiki na vipuri vya mashine za kusaga, kiko hajawahi kukishika maishani. Akakiangalia, akapima kwa kalipa, akaniuliza "mzee, hili jiwe linavumilia kubanwa?" nikasema halivumilii, akasema basi tusiguse jiwe tuongeze kwenye mdomo. Akakereza kibushi chembamba cha nailoni akakivalisha kwenye ule ulimi wa mdomo, kimekaa mpaka leo, kinaingia kwa kuzungusha taratibu na hakichezi. Elfu thelathini. Nawaambia wakusanyaji mnaotuma viko vyenu Ulaya kutengenezwa: kazi ya kiungio ikifanywa na mtu anayefikiri namna ile haina haja ya kupanda ndege. Mwambie tu kabla hajaanza kwamba jiwe lisibanwe kwenye mashine.

Ukienda kununua angalia mambo haya. Kwanza kama ni jiwe zima au ni unga wa jiwe ulioshindiliwa na gundi, maana huo upo mwingi na haunyonyi sawasawa. Gusa ncha ya ulimi mahali ambapo jiwe liko tupu halina nta, jiwe la kweli linashika ulimi, linaunyonya. Mwenye duka atakushangaa, mwache ashangae. Pili beba tochi ya simu angalia ndani ya bakuli taratibu kuanzia juu mpaka chini kama kuna mstari wa ufa, na kwenye shingo pia. Tatu chomoa mdomo uone tundu la moshi linatokea chini kabisa ya bakuli, likitokea juu utabaki na tumbaku mbichi chini kila siku. Ngozi ikiwa kavu sio shida, mafuta kidogo ya viatu yasiyo na rangi yanaifufua. Ngozi ikiwa imeachia kwenye mshono uliza nani aliishona upya na kwa nini, wakati mwingine wanafunika ufa.

Tumbaku. Nchi hii imelima tumbaku muda mrefu, Arua na West Nile yote, Hoima, Kanungu, na BAT, ile kampuni ya sigara, wako nchini tangu 1928 walipoanza Jinja, lakini jani linaondoka ghafi na kurudi likiwa sigara, tumbaku ya kiko iliyochanganywa vizuri ni kuitafuta. Ile taaba kavu ya sokoni ya kusokotwa ni kali mno, inauma ulimi na kichwa kinazunguka, Kiko hakiwezi kuifanya kuwa kitu kingine. Kinachong'ara humu ni Virginia iliyobanwa kwa vipande, ina sukari nyingi kwa hiyo kwenye braya ikivutwa haraka inachoma, kwenye jiwe inatulia na ule utamu wa nyasi kavu unatoka wote. Burley nayo nzuri, ina sukari kidogo sana, ina kaladha ka karanga. Latakia ya Cyprus, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni, humu ni tamu na kesho yake haijaacha alama, wakati kwenye braya itakaa wiki nzima ikikunyima ladha nyingine. Ijaze chini kwa wepesi, katikati kaza kidogo, juu kaza zaidi, ikinyonya hewa kwa shida umeshindilia sana, mwaga uanze upya.

Kuhusu sheria tuwe wazi. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015, ambayo ilianza kufanya kazi Mei 2016, hairuhusu kuvuta sehemu za umma wala ndani ya mita 50 kutoka hapo, hairuhusu kumuuzia aliye chini ya miaka 21, na kuuza tumbaku kwa mtandao pia hairuhusu. Kwa hiyo kiko chako ni cha barazani kwako, sio cha baa, na mimi naona ni sawa, hii ni raha ya kukaa. Na anayewaambia kiko hakina madhara kwa sababu moshi haushuki kifuani anawadanganya, kansa ya mdomo na ya koo haichagui moshi umepita wapi. Mimi navuta kidogo na najua ninachofanya. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu, kukusanya tu bila kuwasha ni raha kamili, nina jamaa Bombo ana kabati zima na hajawahi kuwasha hata kimoja.

Huyo jamaa ndiye amenionyesha jambo ambalo nalifuata sasa, Kiko chake amekiweka rafu moja na emmindi za Kiganda zenye bakuli la udongo na shina refu la mti, na kiko kirefu cha bibi mmoja wa Kigezi, maana kule wazee wanawake kwa wanaume wamevuta siku zote. Wageni wanauliza kwanini hajaviweka na vya Ulaya. Ukiviona pamoja unaelewa: udongo, jiwe na mti vya eneo moja, mikono ya eneo moja. Cha Arusha kimetoka kiwandani na kina mdomo wa ebonaiti, lakini pale kwenye ile rafu kimekaa na ndugu zake.

Kwa sasa natafuta cha pili, kitupu kisicho na ngozi, shina limenyooka, muhuri wa tembo usomeke, mdomo hata ukiwa umeharibika sijali maana wa Katwe yupo. Nasikia vipo Mbale na Tororo kwa familia zilizokuwa zinafanya kazi reli na kwenye mashamba, vimekaa kwenye makabati. Kikiwa na Tanganyika nitafika mpaka laki tatu na nusu, kikiwa na ufa wowote, hata wa unywele, sichukui kwa bei yoyote.